Vifungo Saba vya Dada Pasi

Habari hizi ni za mwanamke mmoja mpiga pasi, na niseme mapema kabisa usije ukajisumbua kutafuta: mtu mbaya humu ndani ni mimi. Wapo watakaokwambia nilighafilika, nilikuwa na hasira, shetani alinipitia. Wapi! Shetani wa watu siku ile hakuwepo. Tulikuwepo watu wanne, mfuko wa vifungo na mdomo wangu.

Tunashona sare za shule. Tunapaita kiwandani, lakini ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja. Ukiingia, kwanza unakutana na meza yangu ya kukatia, maana mimi ndiye mkataji. Wananiita Chaki kwa sababu kipande cha chaki hakikosi nyuma ya sikio langu, hata msibani nimewahi kwenda nacho. Katikati kuna cherehani mbili. Moja ni ya Mzee Cherehani, ambaye ameshona tangu nikiwa sijajua kuvaa suruali. Nyingine ni ya Bibie, msichana wa kujipamba, ambaye pia ndiye anayetia vifungo. Na mwisho kabisa, dirishani, palikuwa na meza ya pasi, na hapo ndipo alipokuwa Dada Pasi.

Alikuja miaka tisa iliyopita na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mume wake alikuwa ameaga kwamba anakwenda kutafuta kazi. Ukimuuliza, anakujibu bila kuinua macho kwenye nguo, "Bado anatafuta. Ni mtu makini sana." Hapo tunacheka sote, na yeye anacheka, na habari ya mume inaishia hapo.

Mimi nimeona wapiga pasi wengi, na wengi ni wa kusukuma chuma tu. Huyu alikuwa fundi. Ananyunyiza maji kwa ncha za vidole, anasikiliza pasi inavyolia, anajua imekolea au bado. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, na mkono wa shati lake huwezi kukuta mikunjo miwili hata utafute kwa tochi. Akimaliza shati analikunja, analipiga kofi dogo na kuliambia, "Haya, nenda kasome." Mashati mia mbili kwa siku, na kila moja linaagwa.

Tena amenisitiri. Mwaka mmoja nilikata kola sitini zikiwa ndogo kwa kipimo kizima, nikagundua zimeshashonwa. Jasho lilinitoka. Yeye akaniambia, "Kaka, nenda zako nyumbani," akazivuta moja moja kwa mvuke mpaka zikakaa shingoni. Bosi wetu hajui mpaka leo, labda ajue kwa kusoma hapa.

Sasa huo mchezo. Mteja mmoja aliagiza makoti, tukanunua vifungo vikubwa vyeusi, kisha mteja akaingia mitini. Mzee Cherehani akachukua vifungo mia, akaandika herufi kwenye kila kimoja kwa rangi nyeupe. Tulibishana siku tatu kuhusu ugawaji: A tukazipa vifungo kumi na tisa, maana lugha yetu haiendi popote bila A, I kumi na moja, M sita, W tano, Z tatu, na kadhalika mpaka mia ikatimia. Bibie akashona mfuko kwa kipande cha bitana. Ikawa kila siku saa ya chakula cha mchana tunatia mkono mfukoni, tunatoa herufi saba saba, tunajenga maneno mezani pangu.

Lakini tulikuwa na kajidesturi ketu. Mkono wa kwanza wa kila mtu, yaani vile vifungo saba vya mwanzo, haufichwi. Unauweka wazi mezani, wote tunauinamia, tunatafuta ndani yake neno moja, na lililo refu ndilo bora. Neno hilo tunaliita salamu, yaani mfuko umekusalimia leo. Mzee Cherehani, ambaye anapenda kuandika kuliko hata kushona, anaingiza kwenye daftari: tarehe, nani kavuta, herufi zake saba, na salamu aliyopewa.

Ilikuwa mzaha. Siku moja mfuko ulimwambia Mzee Cherehani LALA, na kweli kila siku baada ya kula hulala kwenye kiti mpaka tumwamshe. Siku nyingine ukamwambia MIMBA, mzee wa watu wa miaka sabini, Bibie akaanguka chini kwa kicheko. Kisha Bibie mwenyewe akavuta OLEWA, na kabla mwezi haujaisha wakaja wazee kwao na barua ya posa. Loh! Tangu hapo mzaha ukapungua kidogo. Hakuna aliyesema anaamini, lakini asubuhi nilianza kujiuliza leo nitasalimiwa nini. Ndivyo mambo haya yanavyokuingia, unacheka huku umeshanasa.

Nije kwenye mkasi. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mkasi wa mkono wa kushoto, mkubwa, wa chuma kizito, haupatikani kirahisi. Wangu niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi, mashoto mwenzangu. Ulikuwa umeshazoea kiganja changu, ukikata jora la khaki unasikia raha mpaka begani. Alhamisi jioni niliuacha mezani. Ijumaa asubuhi haupo.

Nilipindua chumba. Nilimwaga mapipa ya vitambaa, nikafungua majora yote, nikamtoa Mzee Cherehani kwenye kiti chake. Haupo. Na ufunguo wa usiku alikuwa nao nani? Dada Pasi. Bosi alishaweka sheria kwamba pasi zisiingie kabatini mpaka zipoe, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitoka mwisho kila siku kwa miaka tisa. Miaka tisa yote hakujapotea hata sindano. Lakini hilo sikulifikiria. Nililofikiria ni kwamba alitoka mwisho.

Nilianza kumwangalia. Wewe unajua jinsi mtu anavyoangaliwa. Kila akipita na mfuko wake wa kitambaa, macho yangu yanakwenda nao. Nikawa nakata kwa mkasi wa kuazima wa mkono wa kulia, kidole gumba kimevimba, na moyoni nimechemka. Na nani aibe mkasi wa mashoto? Utamfaa nani? Hata hilo sikujiuliza. Mtu mwenye hasira hajiulizi maswali, anatafuta jibu tu.

Alhamisi iliyofuata, saa ya chakula, tukakaa mezani. Mzee akavuta, sikumbuki alisalimiwa nini. Bibie akavuta. Dada Pasi akatia mkono, akatoa vifungo vyake saba, akavipanga kwa mstari kama kawaida yake, kimoja kimoja: M, I, U, W, Z, K, I.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Nilinyoosha mkono nikasogeza vifungo vitano mbele. M. W. I. Z. I.

Hakuna aliyecheka. Bibie aliziba mdomo. Dada Pasi aliviangalia vile vifungo, akaniangalia mimi, akatabasamu kidogo hivi, tabasamu la mtu anayengoja wenzake waseme ni utani. Na mimi nikasema, kwa sauti ya mahakamani, "Basi. Mfuko umesema."

"Umesema nini, kaka?"

"Soma mwenyewe. Mimi sijavuta, umevuta wewe kwa mkono wako."

"Kaka, hivi ni vifungo."

"Na mkasi wangu nao ulikuwa chuma tu! Lete mfuko wako hapa."

Mzee Cherehani alisema, "Chaki, taratibu," lakini alisema taratibu mno. Dada Pasi angeweza kukataa, na laiti angekataa. Alikwenda dirishani akachukua mfuko wake, akaniletea. Nikaumwaga mezani juu ya herufi. Kikatoka kitana, kipande cha sabuni, daftari la mtoto lenye jalada lililochanika, na nusu ya chakula chake cha mchana kimefungwa kwenye karatasi. Kila siku alikuwa anatuambia ameshiba. Kumbe nusu ilikuwa inakwenda nyumbani kwa watoto, miaka yote hiyo, na sasa iko mezani, karatasi imefunguka, wote tunaitazama.

Mtu mwingine angekoma hapo. Mimi nilikwenda kwa bosi. Bosi wetu ni mama mmoja mwembamba, haongei sana. Alinisikiliza, akauliza, "Yaani ushahidi ni vifungo?" Nikamwambia ushahidi ni ufunguo, vifungo vimethibitisha. Akaguna. Nikaona anasita, damu ikanipanda, nikasema neno ambalo nikilikumbuka nikiwa peke yangu barabarani huwa naongea kwa sauti ili nisilisikie. Nilisema, "Akibaki yeye, mimi naondoka."

Ilikuwa mwezi wa kufungua shule. Bila mkataji hakuna sare. Bosi akamwita Dada Pasi, akamwambia apumzike nyumbani mpaka jambo hili lieleweke. Kazi aliyolelea watoto miaka tisa iliishia hapo. Alikunja aproni yake, akaipiga pasi kwanza, akaiacha mezani. Akatuaga mmoja mmoja, na mimi akaniaga.

Zikapita wiki tatu. Bosi alileta kijana mmoja wa kupiga pasi, akaunguza mashati manane, akaondoka. Bibie akawa anapiga pasi jioni huku analalamika mgongo. Mchezo tuliendelea nao, lakini ulikuwa umepoa. Na mimi, ninaona haya kusema, nilikuwa nasimulia. Kwa kinyozi nilisimulia. Dukani nilisimulia. "Mfuko una vifungo mia, bwana, mwanamke anatia mkono mwenyewe, anajitoa mwizi!" Watu wanashika kichwa, wanasema makubwa haya. Nilikuwa nimepata hadithi, na hadithi ilikuwa tamu.

Ndipo akaja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwalimu wa hesabu. Ilikuwa Jumamosi, hana vipindi, alikuja saa ya chakula nimpime sketi. Nikamkalisha mezani na wenzangu, nikamsimulia na yeye, na kwake nilitia chumvi zaidi maana ni msomi.

Hakushika kichwa. Aliuliza, "Mjomba, zilikuwa herufi gani hasa?"

Mzee Cherehani akafungua daftari, akamsomea. Mpwa wangu akavitafuta vifungo vyenyewe mfukoni, akavipanga mezani, akavitazama kwa muda mfupi tu. Kisha akaanza kuvisogeza. M, U, Z, I, K, I. Ikabaki W peke yake pembeni.

"Mbona mimi naona muziki?" akasema. "Tena ni neno refu zaidi. Kwenu neno refu si ndilo bora?"

"Ala!" Bibie akasema.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Hilo hatukuliona," akasema.

"Hamkuwa mnatafuta muziki. Mlikuwa mnatafuta mkasi."

Nikamwambia, "Wewe mtoto usinizungushe. Mwizi yumo au hayumo kwenye hizo herufi?"

"Yumo, mjomba."

"Basi! Kati ya vifungo mia, mtu atoe mwizi, tena ndani ya wiki ileile ya wizi. Niambie wewe mwenye hesabu zako, jambo hilo linatokea mara ngapi duniani?"

"Tuhesabu," akasema, akaichomoa chaki sikioni mwangu bila kuomba.

Aliandika juu ya meza yangu ya kukatia. M zipo ngapi, W ngapi, Z ngapi, I ngapi, mikono ya vifungo saba inaweza kutoka kwa namna ngapi. Mzee alimjibu kila alipouliza, kwa fahari, kama anayehojiwa na gazeti. Mwisho akapiga mstari. "Karibu mara moja katika kila mikono elfu."

Nikapiga kofi mezani. "Mmesikia? Moja kwa elfu!"

"Na nyinyi mnavuta salamu ngapi kwa siku?"

"Nne," Bibie akajibu.

"Siku ngapi kwa wiki?"

"Sita."

"Kwa mwaka mmoja hiyo inapita elfu moja. Mmecheza miaka mingapi?"

"Minne," Mzee akasema polepole. Yeye alikuwa ameshafika. Mimi bado.

"Basi mjomba, huyo mwizi wako alitakiwa awe ameshapita hapa mara nne au tano. Hamkumwona?"

Nikasema haiwezekani, tungemwona. Mzee Cherehani alivuta daftari karibu, akarudi mwanzo kabisa, akaanza kushuka kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Saa ya chakula ikaisha, hakuna aliyeinuka. "Huyu hapa," akasema. Alikuwa Bibie, mwaka wa kwanza, siku ile tulisoma neno jingine kabisa. Akashuka tena. "Na hapa." Ni yeye Mzee mwenyewe. Alipofika mwaka wa pili kidole kikasimama, akanitupia jicho juu ya miwani.

"Chaki," akasoma. "M, A, I, Z, W, A, I."

Niliikumbuka siku hiyo. Tulisoma MAZIWA. Walinicheka mpaka wakanituma dukani nikanunue maziwa, tukapika chai ya watu wanne, na Dada Pasi ndiye aliyeichuja. Sasa nikaitazama ile M, na W, na Z, na zile I mbili. Alikuwemo. Alikuwa amelala ndani ya maziwa yangu, amekamilika, na hakuna hata mmoja aliyemwona kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa amepoteza kitu.

Jumla tulimkuta mara sita. Bibie mara mbili, Mzee mara moja, mimi mara moja, Dada Pasi mara mbili. Mwizi alikuwa ameshatupitia sote.

"Na hapo," mpwa wangu akaendelea, kwa upole lakini haachi, "nimehesabu neno moja tu. Je, wiki ile ingetoka IBA? Hiyo kwa vifungo hivi inatoka karibu kila wiki. Ingetoka MKASI? Ingetoka FICHA, UONGO, PASI? Yote hayo yangekushtua, sivyo? Wewe ulikuwa unangoja lolote kati ya hayo, kwa mtu yeyote kati ya wanne. Ajabu ingekuwa kukosa."

"Lakini lilimwangukia yeye!" nikasema. Nilikuwa nimeshikilia kamba ya mwisho. "Kwa nini yeye?"

"Lingemwangukia Mzee ungesemaje?"

"Ningecheka. Mzee? Si mfuko huohuo ulimwambia ana mimba?"

"Na lingekuangukia wewe?"

Na mimi, bila kufikiri, nikajibu, "Ningesema mfuko unanipa pole kwamba nimeibiwa."

Nilijisikia nikisema. Wote walinisikia. Herufi zilezile, mkono wangu, zingekuwa pole. Mkono wake, zikawa hukumu. Vifungo havikusema kitu siku ile. Nilisema mimi, tena nilikuwa nimeshasema moyoni tangu Ijumaa ya kwanza, nilikuwa nangoja tu mtu wa kunisomea.

Uso ulinishuka. Sijui niueleze vipi, maana nimewahi kuona haya maishani, nimewahi kukosea kipimo mbele ya mteja, nimewahi kuanguka barabarani suruali ikapasuka. Hii haikuwa hiyo. Nilitamani meza ile inifunike. Kilichonijia mbele ya macho si vifungo wala mkasi, ni ile karatasi iliyofunguka na nusu ya chakula ndani yake. Mpwa wangu aliona, akaacha kuandika. "Mjomba," akasema, "sketi tutapima siku nyingine."

Nikaenda kwa bosi mchana uleule, kabla ujasiri haujanitoka. Nikamwambia nilikosea, Dada Pasi arudishwe.

"Mkasi umepatikana?" akauliza.

"Haujapatikana."

"Sasa umejuaje kwamba si yeye?"

"Sijui kama si yeye. Sijui kama si Mzee, sijui kama si fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa Alhamisi ile jioni. Ndicho nilichokuja kusema, bosi. Sijui."

Akanitazama mpaka nikaangalia chini. "Wiki tatu zilizopita ulikuwa unajua," akasema. Akasema tena, "Uliyemtoa ni wewe. Kamlete wewe. Na akikukatalia, usije hapa kunilalamikia."

Jumapili mchana nikaenda kwake. Anakaa kwenye chumba kimoja katika safu ya vyumba sita, baraza ni moja. Alikuwa ameweka meza barazani, anapiga pasi nguo za majirani kwa pasi ya mkaa. Binti yake mkubwa aliniamkia, "Shikamoo," nikamjibu marahaba. Mama yake akamwambia, "Huyu ndiye Fundi Chaki." Yule mtoto akaingia ndani, akarudisha mlango.

"Karibu, kaka," Dada Pasi akasema, akaendelea na kazi.

Nilikuwa nimekuja na daftari. Fikiria, mtu mzima nimekwenda kuomba msamaha na daftari kwapani. Nikamweleza yote. Nikamwambia habari ya muziki, nikamwonyesha maziwa, nikamtajia M sita na W tano, nikamwambia mara moja katika elfu, mara sita katika miaka minne, hesabu imefanywa na mwalimu. Nilisema kwa haraka nisije nikakatizwa. Kisha nikasema nimekukosea, dada, nimekuvunjia heshima mbele za watu, nimekukatia riziki, naomba unisamehe, bosi anasema urudi kesho.

Alimaliza upande mmoja wa shati. Akaligeuza.

"Unajua siku ile nilifanya nini nilipofika hapa?" akaniuliza. "Nilipekua nyumba. Nilitoa kila kitu nje. Nilichana godoro pembeni, nikatia mkono ndani. Siku tatu, kaka. Watoto wananiuliza, mama unatafuta nini, nawaambia mkasi. Nilikuwa nimeviona vile vifungo kwa macho yangu, nilivitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema pengine nimeuchukua na sijui. Pengine nina ugonjwa."

Katika aibu zangu zote sikuwa nimeifikia hiyo. Nilidhani nilifanya watu wamshuku. Kumbe nilimfanya ajishuku mwenyewe, mpaka akachana godoro wanalolalia wanawe kutafuta kitu ambacho hakukigusa.

"Dada," nikasema, "hesabu inaonyesha wazi kabisa kwamba…"

"Nimesikia hesabu." Alisimamisha pasi. Hakupaza sauti, na mimi ningependa angepaza. "Nimeisikia yote, na ni nzuri. Ila nakuuliza. Umekaa chumba kimoja na mimi miaka tisa. Ufunguo nilikuwa nao mimi, hakujapotea uzi. Kola zako nilizivuta kwa mvuke, sikumwambia mtu. Hiyo miaka tisa haikuhesabika? Ilibidi aje mwalimu na chaki ndiyo uje kwangu?"

Nilisimama pale barazani na daftari langu. Majirani wawili walikuwa wamekaa mlangoni kwao, wanasikia, na hawakujifanya hawasikii. Nilitaka kusema nilikuwa na hasira. Nilitaka kusema mkasi ule niliachiwa na fundi wangu. Maneno yote yalikuwa yangu, hakuna hata moja lililokuwa lake. Nikasema tu, "Ilibidi. Na ni aibu yangu."

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua pasi tena, akapuliza majivu.

"Kesho nitakuja," akasema. "Si kwa ajili yako. Watoto wanasoma, na ile meza ya dirishani ni yangu, nimeifanyia kazi. Kumwambia bosi utamwambia wewe, mbele ya Mzee na mbele ya Bibie, kwa sauti ileile uliyonisomea vifungo."

"Nitasema."

"Na mfuko ule chezeni tu, mimi sitatia mkono tena."

"Sawa, dada."

Nikaona mazungumzo yameisha, nikageuka niende. Akaniita. Nilidhani pengine moyo umelainika kidogo, nikarudi haraka mpaka karibu na meza.

"Ukipotelewa na kitu tena," akasema, "njoo uniulize mimi. Usiuulize mfuko."

Nikamwambia nimesikia. Akainamia shati la jirani, akaanza na kola, nami nikashuka barazani nikaenda zangu.